Baiskeli Niliyoitoa kwa Adabu

Baiskeli niliitoa mwenyewe, kwa ulimi wangu, nikiwa nimelala chali sebuleni na mshono wa shubiri nzima chini ya kitovu. Hakuna aliyenilazimisha. Mwenzangu wa mazoezi alikuja kunipa pole na kilo moja ya machungwa, akaketi, akanywa juisi ya ukwaju aliyoletewa na mke wangu, kisha macho yake yakaenda ukutani nilikoitundika. Akasema, "Mzee, hii baiskeli ni kali sana." Hakusema mashallah. Wala simlaumu, yeye ni mtu wa bara, kazi ndiyo iliyomleta Mikindani, na huko kwao kitu kizuri husifiwa kavukavu, bila kukikinga na jicho.

Kwetu sisi, mtu akisifu chako unamwambia karibu, chako hicho. Ndivyo tulivyolelewa. Naye hukujibu ahsante, kikae na mwenyewe, maneno yakaisha na kila mtu akabaki na chake. Marehemu bibi yangu aliwahi kumkaribisha jirani sinia la shaba, bangili mbili za dhahabu na kuku anayetaga, vyote kwa mkao mmoja, na hakuna hata unyoya uliotoka nje ya mlango. Kwa hiyo nikasema, "Karibu, yako hiyo. Chukua." Nikangoja jibu langu.

Alisimama, akanishukuru kwa mikono miwili, akaishusha ukutani. Nilisikia gurudumu la nyuma likilia tiktiktik uani, na nyayo za mke wangu zikimsindikiza hadi mlango wa nje, ambako walikawia kidogo wakiagana. Halafu kimya. Nilibaki nikitazama misumari miwili mitupu. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi siku ile vidole vyangu vyote vilikuwa salama.

Mimi ni fundi wa friji na viyoyozi. Nakaa Mtopanga, na riziki yangu iko kwenye hoteli na nyumba za watu kuanzia Nyali hadi Shanzu. Kwa miaka saba nimekuwa nikicheza mchezo ambao majirani wanauhesabu kuwa wazimu: unaogelea baharini karibu kilometa mbili, ukitoka majini unapanda baiskeli kilometa tisini, ukishuka unakimbia ishirini na moja. Triathloni. Mama yangu alipoelezwa mara ya kwanza aliuliza ni nani anayetufukuza. Tulikuwa watu sita, tukikutana Jumamosi na Jumapili baada ya swala ya alfajiri, na katika sita hao, kwenye baiskeli, hakuna aliyekuwa akiniona uso. Wakiuona mgongo. Sisemi kwa majivuno. Basi, nasema kwa majivuno.

Kisha mguu wa kushoto ukaanza kunisaliti. Nikikaza mwendo paja hufa ganzi na nguvu zote hukatika. Nikipumzika dakika mbili tatu, hurudi. Mwaka mzima niliuita uchovu. Mama alikuwa na jina lake, akasema ni kijicho cha watu, akanisomea. Daktari wa mjini, kule kisiwani, akanichorea kwenye karatasi. Mshipa mkubwa unaopeleka damu mguuni hupita kinenani, na miaka yote niliyokuwa nimejikunja juu ya ile baiskeli, mshipa nao ulikuwa ukijikunja na kujikunjua, hata ukakakamaa na njia ikawa nyembamba. Alinieleza polepole, kama vile sitaelewa. Bomba la shaba ukilikunja pahali pamoja kila siku hukakamaa, mwisho hupasuka. Hayo nimewaambia wateja mpaka nimechoka. Nilielewa sana.

Walinipasua, wakaufungua ule mshipa, wakaushonea kiraka walichokikata kwenye mshipa mwingine wa mguu wangu. Nilipozinduka daktari aliniambia kwamba nitarudi kwenye mchezo wangu, lakini kwa ngazi: kwanza kutembea, kisha kuogelea, kisha kukimbia kwa upole, na baiskeli mwisho kabisa, baada ya miezi sita, tena nikiwa nimekaa wima. Nikiharakisha, kiraka kinaweza kufumuka. Nikamuuliza kikifumuka itakuwaje. Akasema nisiombe nikawa mbali na hospitali. Mke wangu alikuwa amesimama pembeni ya kitanda na chupa ya chai mkononi, akatikisa kichwa mara moja, akauliza kama naruhusiwa kula pweza. Ndivyo alivyokuwa siku zote zile. Aligombana na wauguzi, akasoma Yasini, akaniosha, akanigeuza, na sikuona tone la chozi.

Basi nikarudi nyumbani, nikaigawa baiskeli yangu kwa adabu, na wivu ukaingia kukaa pahali pake.

Nataka niseme ukweli, wivu wangu haukuwa na heshima wala kiwango. Nilimwonea wivu kila kiumbe kilichokuwa kikitembea. Wiki ya tatu nilikwenda dukani kwa miguu, hatua mia mbili, na bibi mmoja wa jirani mwenye goti bovu akanipita akiwa na galoni la maji. Akanipa pole, akaniombea dua, akaendelea na safari. Nilimchukia hadi dukani na kurudi. Niliwaonea wivu wasukumaji mikokoteni, niliwaonea wivu mbuzi. Lakini hizo zilikuwa rasharasha tu. Mvua yenyewe ilikuwa kwa mwenzangu.

Kuna programu ya simu tunayoitumia wote, inayoandika mwendo wa kila mtu. Imeikata barabara vipande vipande, na kila kipande kina orodha ya walio wepesi. Kipande cha kutoka Bamburi hadi daraja la Mtwapa kilikuwa changu kwa miaka miwili. Asubuhi moja ya wiki ya tisa nilikuwa nimekaa barazani nikinywa uji wa mtama, kijiko kwa kijiko kama mtoto, simu ikalia. Ilikuwa ikiniarifu, kwa furaha kubwa, kwamba nimepokonywa nafasi ya kwanza. Na nani? Na yeye. Juu ya nini? Juu ya baiskeli yangu.

Nikajiambia, iliyoshinda ni baiskeli, si yeye. Neno hilo likanituliza kwa muda wa nusu bakuli. Kisha nikafikiri kwamba kama iliyoshinda ni baiskeli, basi na mimi ile miaka miwili sikuwa lolote, nilikuwa abiria. Uji ukanishinda. Mke wangu akauliza kulikoni, nikamwambia sukari imezidi.

Mwezi wa tatu daktari aliniruhusu kuogelea. Hapo nilipata nafuu ya roho, kwa sababu mwenzangu kaja baharini ukubwani na mpaka leo huogelea kama anayegombana na maji, wakati mimi nimezaliwa karibu na bahari na maji tunajuana. Wote watano walikuja Bamburi kunisindikiza, maji yakiwa yamejaa, na mke wangu akaketi mchangani na taulo langu mapajani, akinifuata kwa macho. Nilikwenda taratibu kama nilivyoamriwa. Na bado nikampita. Nilipoinua kichwa kuvuta pumzi niliuona mkono wake ukipiga maji bila mpango, nikafurahi furaha mbaya. Siku hiyo nilikula sahani mbili.

Ila alipotoka majini alijifuta, akavaa viatu, akaipanda baiskeli yangu palepale mbele yangu, na wenzetu wakamfuata. Niliwatazama hadi walipopinda. Kiti chake alikuwa amekipandisha, maana ana miguu mirefu. Hata hicho nilikionea wivu, kile kipande cha bomba kilichokuwa kimefichika miaka yote na sasa kinaonekana.

Wahenga hawakukosea waliposema mwenye kovu usidhani kapoa. Jumapili moja ya mwezi wa tano nilikuwa nikikimbia kando ya barabara ya Malindi, mwendo wa daktari, yaani mwendo wa mtu aliyesahau anakokwenda. Wakanipita kwa baiskeli, wote watano, yeye mbele. Akainua mkono akaniambia, "Shikamoo, mzee!" Tumepishana miaka sita tu. Najua hakukusudia ubaya. Alifundishwa kwamba Pwani watu huamkiana kwa heshima, naye huimwaga heshima yake popote kama maji ya kunawa. Lakini lile neno mzee, likitoka juu ya kiti changu, lilinichoma.

Nikawakimbilia. Mtu mzima na akili zangu, nikaziweka kando dakika zote nilizoandikiwa na daktari, nikawakimbilia baiskeli kwa miguu. Nilikwenda kiasi cha kilometa mbili hivi. Kisha nikahisi joto chini ya kovu, na kitu kikivuta kwa ndani kama uzi unaokazwa. Niliketi kwenye rundo la matofali mbele ya duka la saruji, nikaweka mkono kinenani, nikahesabu mapigo, nikatubu. Nilikaa pale hadi jua likawa kali. Joto likapoa, uzi ukalegea, na Mungu si Athumani, nikasimama. Nyumbani nilisema nilikutana na mteja tukazungumza. Mke wangu aliniangalia usoni, akanipa maji.

Mwezi wa sita ulipotimia, daktari alinipima kwa ile mashine yake inayosikiliza damu, akaridhika. Akanipa baiskeli: dakika ishirini, barabara tambarare, mgongo wima, na mtu wa kuwa karibu nami iwapo kutatokea neno. Nikatoka pale nikiwa na ruhusa ya baiskeli na bila ya baiskeli.

Kudai kitu ulichokitoa ni aibu, hilo nalijua. Nikaanza kwa mafumbo. Nilimpigia mwenzangu simu nikamuuliza kama mnyororo unapata mafuta, akajibu unapata. Wiki iliyofuata nikamwambia ukuta wa sebule umekuwa mtupu mno, mke wangu anatafuta kitu cha kutundika. Akaniambia siku hizi kuna saa nzuri za ukutani sokoni Kongowea. Mara ya tatu nikamwambia daktari kaniruhusu baiskeli. Akasema, "Hiyo ni poa sana, mzee. Sasa unataka nini?" Mtu wa kwetu angekuwa ameshaileta, ameipangusa, tena na biskuti juu. Nikakata simu nikiwa nimeshawishika kwamba ananichezea.

Usiku nilipanga maneno na asubuhi nikavuka kwenda Mikindani. Nilimkuta nje ya nyumba yake anaosha raba. Nikamwambia, bila hata kumjulia hali, jambo ambalo sijawahi kulifanya maishani, "Naitaka baiskeli yangu."

Nilitegemea abishane. Nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi, nina majibu hadi ya tano. Badala yake aliweka raba chini, akapumua kama aliyetuliwa mzigo.

"Asante Mungu," akasema. "Nilikuwa nangoja uitaje kwa mdomo wako. Hiyo ndiyo ilikuwa masharti."

Nikamuuliza masharti ya nani.

"Ya shemeji. Ile siku ya kwanza alinifuata kwa geti. Nilikuwa namwambia nitairudisha kesho, kwa sababu hata mimi niliona ni kama umesema tu. Akaniomba nikae nayo. Alisema ikiwa ukutani utaipanda kabla upone, na utakufa barabarani. Alilia sana, mzee. Akasema nisiirudishe mpaka daktari akubali na wewe uiulize wazi. Na ukikasirika, nikuache ukasirike."

Aliinama akachukua raba yake, akaongeza kwamba mara mbili alitaka kuileta kwa sababu jinsi nilivyokuwa nikimwangalia ilimtisha, na mara zote mbili mke wangu alimkatalia kwa simu. Na ile nafasi ya kwanza, alisema, hakujua hata kama inaandikwa.

Ningepaswa kuona haya. Niliona, lakini baadaye. Kilichonipanda kwanza kilikuwa wivu mpya, na ule wa zamani wa baiskeli ukawa mchezo wa watoto mbele yake. Alilia sana, mzee. Mke wangu, aliyesimama kando ya kitanda changu akauliza habari ya pweza. Alikuwa na machozi siku zote zile, akayachukua akayapeleka mlango wa nje, akampa mtu aliyekuja na kilo moja ya machungwa. Na wanapigiana simu. Na anaitwa shemeji. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nilirudi nyumbani nikamkuta jikoni anachambua mchicha. Nikasimama mlangoni nikamwambia, kwa sauti niliyoiona ina utulivu, kwamba nimesikia kuna mwanamume anayeliliwa na mke wangu.

Hakushtuka wala hakuacha mchicha.

"Nikulilie wewe, unijibu nini?" akasema. "Utaniambia inshallah khair, kisha uvae viatu. Wallahi nakujua. Ile Jumapili uliporudi na uso wa majivu, ukaniambia mteja, mteja gani atazungumza na mtu mpaka midomo iwe nyeupe? Nilinyamaza kwa sababu ningekuuliza ungenidanganya tena, na mimi sitaki mume wangu aandikiwe dhambi ya uwongo juu ya ile nyengine ya kujiua."

Akaendelea, sasa akinitazama.

"Na usiniletee habari ya wivu. Miaka saba naishi na mke mwenza wa chuma. Tena mke mwenza wa haki angenipa zamu. Huyu hana zamu. Jumamosi wake, Jumapili wake, akirudi ndani anatundikwa sebuleni nimpanguse vumbi. Walipokupasua nilimwona ukutani ananingoja niwe mjane. Ndiyo nikamtoa. Na nikimtoa tena nitalia kwa nimtakaye."

Hapo ndipo machozi yakamtoka, mbele yangu, juu ya mchicha. Mimi niliyekuwa nimekuja kuyadai sikujua pa kuyaweka. Nilikaa chini kwenye kibao cha mbuzi ya nazi, goti langu likigusa lake, nikamwambia jambo ambalo sikuwa nimemwambia hata daktari, kwamba kila asubuhi kabla sijafungua macho huweka mkono kinenani kuhakikisha bado nipo. Akasema anajua. Huwa macho.

Tulikaa hivyo mpaka adhana ya adhuhuri. Kisha akajifuta kwa ncha ya leso, akaniambia niilete, lakini siku ya kwanza yeye ndiye atakayekuwa yule mtu wa karibu aliyetajwa na daktari. Nikamuuliza atanifuata vipi, naye hajui kupanda baiskeli. Akasema hilo ni lake.

Baiskeli ililetwa Jumamosi. Mwenzangu alikuwa amerudisha kiti mahali pake na kupandisha usukani juu kabisa, kwa kufuata maneno ya daktari aliyoyapata najua wapi, hata ile mashine ya mbio ikafanana na baiskeli ya muuza mikate. Niliipanda uani nikiwa wima kama imamu. Nilipotoka nje nikakuta tuktuk imewashwa, mke wangu kakaa nyuma, kavaa buibui lake la kutokea, mkononi chupa ya maji na kadi yangu ya hospitali. Akampungia dereva mkono, dereva akanipungia mimi nitangulie.

Tukashika barabara ya Bamburi. Dakika tano za mwanzo mguu ulikuwa kimya, kila nilipokanyaga nilisikiliza kiraka. Dakika ya nane nikasikia damu ikifika hadi kwenye vidole, moto, kamili, kitu nilichokuwa nimekikosa mwaka mzima kabla ya kisu, na mwili wangu ukakumbuka. Mbele barabara ilikuwa nyeupe hadi mwisho. Hakuna gari, hakuna mtu, upepo uko mgongoni. Nilijua nikiinama kidogo tu, nikakaza, tuktuk ile hainipati. Vidole vilishaanza kushuka kwenye usukani.

Nyuma yangu nikasikia mke wangu akicheka. Dereva alikuwa amesema kitu, naye amejibu, kisha wakacheka wote wawili, kicheko kirefu cha watu waliozoeana, na sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu kabla ya hospitali. Dereva mwenyewe kijana, kanyoa vizuri, na lafudhi ya Lamu.

Nikarudisha mgongo wima. Nikapunguza mwendo, nikapunguza tena, mpaka tuktuk ikawa begani kwangu, nisikie wanachekea nini.